Neno Lililoingia kwa Fimbo

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Ntalikwa kumwangalia mama, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilipofika, jirani yetu alikuwa anafungua bani lake, yaani kile kijumba cha kukaushia tumbaku, na harufu ilikuwa imetanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Ni harufu ya utamu na ukali kwa pamoja, kama asali iliyoungua. Watu waliokulia kwenye tumbaku wanaijua, na wengi wetu hatuipendi wala hatuichukii. Mimi hunikumbusha mwaka niliomaliza darasa la saba, na neno moja la Kiingereza ambalo nusura linitenganishe na mama yangu.

Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la tatu. Tulibaki wawili, mama na mimi, na ekari mbili za tumbaku, karanga kidogo na viazi. Mama aliishia darasa la nne. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye maneno machache, na kijiji kizima kilijua jambo moja juu yake: hakuwa anamchapa mtoto. Nikikosa, aliniita nikae mbele yake, akanieleza nilichofanya, akaniuliza kama nimeelewa. Nikisema sijaelewa, alianza upya. Wenzangu walioonja fimbo za nyumbani waliniona nimebahatika, lakini nakuambia, kuna siku nilitamani anichape tu yaishe.

Kaka yake marehemu baba, niliyemwita Baba Mkubwa, aliishi Choma, huko Igunga, na alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wengi. Alikuja kututembelea kila baada ya mavuno. Hakuwa mtu mbaya. Alituletea samli na nyama iliyokaushwa, akakagua paa, akaziba palipovuja. Kisha alikaa kwenye kiti cha baba na kunitazama.

"Shemeji," alimwambia mama, "huyu mtoto unamlea kama yai. Mtoto wa kike asiyechapwa atakuja kukuaibisha. Nipe niende naye Choma, akae na wenzake, ajue adabu."

"Atasoma hapa, shemeji," mama alijibu.

"Atasoma mpaka lini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa gumu. Wakati huo kata yetu haikuwa na sekondari, na waliochaguliwa kwenda mbali walikuwa wachache. Mwaka ule wakakubaliana hivi: nikipata nafasi katika shule ya wasichana ya masista, nitakwenda huko, na mama atauza tumbaku kunilipia. Nikikosa, Baba Mkubwa atanichukua. Walikubaliana mbele yangu, kama watu wanaogawana shamba, na mimi nilikuwa nakula matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa kisha kuanikwa. Nakumbuka kuwa niliacha kutafuna.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Maganga. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na alikuwa na kamusi nene aliyoifunika kwa karatasi ya kaki. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Kila Jumatatu aliandika neno moja kubwa kwenye pembe ya ubao, akalieleza, na neno lile likakaa pale wiki nzima. Aliamini kwamba mtoto wa mkulima akiwa na maneno makubwa hamsini, hakuna mlango utakaomfungia.

Jumatatu aliyoandika "inculcate" sikuwepo shuleni. Nilikuwa nyumbani namsaidia mama kufunga majani kwenye vijiti, maana bani likishapashwa moto halimsubiri mtu. Nilirudi Jumanne nikalikuta neno pembeni mwa ubao, halina maelezo. Sikuuliza. Nilijua nitalipata mbele ya safari.

Nililipata Jumatano. Mwalimu Maganga alikuwa ametupa zoezi la vitenzi, na nusu ya darasa tulikuwa tumeandika "goed" badala ya "went". Akatupanga mstari, akatuambia tunyooshe mikono. Fimbo yake ilikuwa ya mti wa porini, nyembamba, na alichapa kwa mpangilio, akisema sentensi moja ya Kiingereza huku kila pigo likitua kwenye silabi yake: "I will in-cul-cate it!" Pigo la kwanza kwenye "in", la pili kwenye "cul", la tatu kwenye "cate". Kila mtoto alipata matatu. Nilipofikiwa, nilikuwa nimeshaelewa kabisa. Mtu anaposema atakufanya jambo fulani, kisha anakuchapa, basi jambo hilo ni kuchapa. Ungefikiri vipi vinginevyo?

Wenzangu waliokuwepo Jumatatu nao walisahau maelezo, au hawakuyasikia vizuri. Mpaka Ijumaa neno lilikuwa limeshaingia kwenye Kiswahili chetu. "Leo amenikalkeiti mbili." "Ukichelewa utakalkeitiwa." Tulilisema njiani, tukilisema kwa majivuno, kwa sababu lilikuwa neno refu na la Kizungu, na maumivu yake yalikuwa yameshapoa.

Siku ya usaili mama alinibeba kwa baiskeli. Tulitoka umande ukiwa bado kwenye nyasi, tukafuata njia ya zamani yenye miembe, ile waliyopita watu wa misafara, mpaka mjini. Nilivaa sare iliyopigwa pasi ya mkaa tuliyoazima kwa mke wa katekista. Mama alikuwa amejifunga kitenge chake cha kanisani. Kwenye mchanga mzito alishuka akasukuma, nami nikitaka kushuka alikataa, kwa sababu viatu vyangu vingechafuka.

Asubuhi tulifanya mtihani wa kuandika, hesabu na Kiswahili, nikaona umekwenda vizuri. Kisha tukaitwa mmoja mmoja kuzungumza kwa Kiingereza. Chumba kilinukia dawa ya kung'arisha sakafu. Mezani walikuwa wawili: Sista Mkuu, mwenye sauti ya chini na miwani mikubwa, na mama mmoja wa kamati ya shule aliyeitwa Mama Theresia, ambaye mumewe alikuwa na duka Kanyenye, pale mjini, na ambaye mama yangu alimfahamu kwa kusalimiana kanisani.

Sista aliniuliza jina, nikajibu. Aliniuliza napenda somo gani, nikajibu. Kisha akaniambia nimweleze kuhusu mtu anayenilea.

Hapo nilifurahi. Nilikuwa na jambo la kusema, na nilikuwa na neno kubwa la kulisemea. Nilitaka wajue kwamba mama yangu hakuwa kama mama wengine.

"My mother is a farmer," nilisema. "She is very good. She has never inculcated me, even one day."

Sista aliweka kalamu chini. Akauliza taratibu, kwa Kiingereza, kama mama yangu hajawahi kunifundisha kwa kunikazia tabia njema. Lakini alitumia neno lile lile, kwa hiyo mimi nilisikia ameuliza kama mama hajawahi kunichapa ili nipate tabia njema.

"Never, Sista," nilisema, nikatabasamu. "She only talks. Only Mwalimu inculcates me."

Mama Theresia aliacha kuandika. Aliniangalia viatu, akaangalia dirishani. Sista alinishukuru, akaniambia nimwite anayefuata.

Nje, mama alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, amenitunzia andazi kwenye leso.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza habari zako."

"Zangu? Ukasemaje?"

"Nimekusifia sana, mama."

Alicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, kama msichana. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumsikia akiimba juu ya baiskeli.

Majina yalibandikwa kanisani mjini, Jumapili ya tatu baada ya hapo. Tulisoma karatasi mara mbili, mimi kwa macho na mama kwa kidole. Sikuwemo. Tulikuwa tumeanza kuondoka Mama Theresia alipotufuata. Alimshika mama mkono akamvuta pembeni, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema. "Mtoto ana akili. Hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi. Lakini alisema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba hujamfunza tabia njema hata siku moja. Sista akamuuliza tena, akarudia. Na alikuwa anacheka. Sasa masista watafanyaje? Wanaogopa mtoto wa hivyo."

Mama alisema, "Ahsante, dada." Alichukua baiskeli, na safari ile hakuipanda kabisa. Aliisukuma kutoka mjini mpaka nyumbani, nami nyuma yake, na kila nilipotaka kusema jambo nilimwona mgongo, nikanyamaza.

Sisi Waswahili tunajua kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama aliijua methali hiyo kama kila mtu, na alijua watakaoitamka. Tulipofika alikaa kwenye kigoda jikoni bila kuwasha moto.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" aliuliza.

"Hujanikosea."

"Umewaambia watu sijakufunza."

"Sijasema!" Nilianza kulia. "Nimesema hujanichapa! Nimesema hujawahi kunichapa hata siku moja!"

Mama hakuwa na namna ya kujua. Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na majina ya siku. Upande mmoja kulikuwa na mwanamke mwenye heshima zake aliyekuwa ndani ya kile chumba, upande mwingine mtoto anayelia. Mama wengine wangeamua palepale.

"Sema vile ulivyosema," aliniambia. "Kwa Kiingereza chako."

Nikasema. Akanifanya nilirudie lile neno mara tatu, mpaka akaliweza mwenyewe, au karibu aliweze.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa Mwalimu Maganga. Alikuwa anawamwagia kuku pumba, amevaa fulana, na alishtuka kutuona, kwa sababu mzazi haendi nyumbani kwa mwalimu bila neno zito.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Karibuni. Kuna usalama?"

"Usalama upo," mama alisema. Hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kuuliza maana ya neno. Inkalkeiti."

Mwalimu uso ulimng'aa. Nadhani katika miaka yake yote hakuna mkulima aliyekuwa amemjia na swali kama hilo. Aliingia ndani akatoka na kamusi, akafungua, akasoma, akatafsiri: ni kumkazia mtu fikra au tabia, kuirudia-rudia mpaka imkae kichwani.

"Kushindilia," mama alisema. "Kama tunavyoshindilia robota."

Robota ni lile furushi kubwa la tumbaku linalokwenda sokoni. Majani hupangwa, hukandamizwa, huongezwa, hukandamizwa tena, mpaka yanakuwa kitu kimoja.

"Hasa!" Mwalimu alisema. "Kama robota. Lakini kwa wema."

"Na kuchapa?"

"Kuchapa ni neno jingine kabisa."

Mama alinigeukia. "Mwonyeshe alivyokufundisha."

Niliogopa, lakini nilinyoosha mkono wa kushoto, nikaupiga kwa wa kulia, nikisema kama alivyosema yeye, kila silabi na pigo lake. In. Cul. Cate. Kuku walikuwa wanadonoa miguuni petu. Nilipomaliza, Mwalimu Maganga alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake na kamusi magotini.

"Darasa zima linajua hivyo?" aliniuliza.

"Darasa zima, Mwalimu."

Mama akamweleza kilichotokea kwa masista. Alimweleza bila kumlaumu na bila kupaza sauti, kama alivyokuwa akinieleza mimi makosa yangu, na nilimwona Mwalimu akiinamisha kichwa taratibu kama mtoto wa darasa la pili. Nilimhurumia. Nilijua kukaa mbele ya mama namna ile kukoje.

Baba Mkubwa alifika Jumamosi. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yake. Alikuja na gunia tupu la kubebea vitu vyangu, akaliweka juu ya kiti, na kabla ya kunywa maji alikuwa ameshasema.

"Shemeji, nilikuambia. Sasa hata masista wameona. Mtoto mwenyewe amekiri."

Kabla mama hajamjibu, Mwalimu Maganga alipiga hodi. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, na mkononi alishika bahasha. Alisalimia, akakataa kiti, akasema aliyokuja kusema akiwa amesimama.

"Mzee, huyu mtoto hakuwa na kosa, wala mama yake. Neno lile nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kwa fimbo, akadhani neno ndiyo fimbo. Alikwenda kumsifu mama yake kwamba hajawahi kumpiga, kumbe anamtukana. Kosa ni langu. Nimeliandika humu, na Jumatatu nitalipeleka kwa masista mwenyewe."

Mtu mzima, mwalimu, kusema kosa ni lake mbele ya mtoto aliyemchapa! Nilikuwa sijaliona hilo, na tangu siku ile nimeliona mara chache. Mama aliinuka akaenda jikoni, ingawa chakula kilikuwa kimeshaiva.

Baba Mkubwa alitoa kopo lake la ugoro, akavuta, akapiga chafya, akafuta macho.

"Kwa hiyo, Mwalimu," alisema, "fimbo zako zimeliingiza neno, lakini limeingia kichwa chini miguu juu."

"Ndivyo, mzee."

Baba Mkubwa alicheka. Alicheka mpaka kiti cha baba kikalia. Kisha akalikunja gunia lake, akasema atasubiri jibu la masista, na kwamba tusidhani amekubali. Alikula, akalala, akaondoka asubuhi. Sikuwahi kwenda kuishi Choma.

Sista Mkuu aliisoma barua ya Mwalimu Maganga huku sisi watatu, Mwalimu, mama na mimi, tumesimama mbele ya meza yake. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili: "Haya. Mama amekufunza nini?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema yaliyonijia. Kwamba kuku wa jirani akitaga kwetu, yai ni la jirani. Kwamba chombo cha kuazima kinarudishwa kimeoshwa, na ikiwezekana kisirudi kitupu. Kwamba mgeni haulizwi kama anataka kula. Kwamba ukiudhika, kwanza uteke maji, urudi, ndipo useme. Sista alikuwa ananisikiliza na mama alikuwa anaangalia sakafu. Nafasi zilikuwa zimejaa, Sista alisema, lakini angeniweka wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

Shule zilifunguliwa bila mimi. Wiki mbili nilipalilia tumbaku nikijifanya sijali. Wiki ya tatu katekista alikuja mbio na baiskeli: kuna msichana hakuripoti. Kesho yake nilikuwa na tranka, ndoo na jembe, getini kwa masista.

Mwalimu Maganga hakuacha fimbo. Nisimpambe. Waliosoma nyuma yangu walichapwa kama sisi, ila wananiambia alikuwa akichapa kimya, na neno lile hawakuwahi kulisikia. Mimi nimelikuta mara nyingi tangu hapo, kwenye vitabu na kwenye ripoti za ofisini Dodoma ninakofanya kazi, na kila nikilikuta kiganja changu cha kushoto hujikunja kidogo.

Kisa hiki huwa nawasimulia wanangu kama kichekesho. Safari hii nilikwenda nao Ntalikwa, na jioni ya pili, tukiwa uani, walinitaka nikisimulie mbele ya bibi yao. Nikasimulia, nikaigiza sauti ya Mwalimu na chafya ya Baba Mkubwa, wakacheka sana. "Na bibi yenu," nikamalizia, "mpaka leo hajawahi kunichapa." Wakamshangilia bibi yao, kisha wakakimbilia kwa jirani kuangalia majani yanavyotolewa.

Tulibaki wawili, mimi namenya viazi, mama amekaa na kitambaa chake juu ya jicho.

"Nilikupiga mara moja," alisema.

Nilidhani anatania.

"Ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Kitalu chetu kilikuwa kimetoka vizuri mwaka ule, na wewe ukaingia ukang'oa miche, tuta zima. Baba yako alikuwa msituni anakata kuni za bani. Nilikuwa sijalala siku mbili. Nikakupiga kibao cha hapa." Aligusa nyuma ya sikio lake. "Ukaanguka, ukajigonga kwenye jiwe. Hukulia. Nilikuokota nikakimbia nawe kuelekea zahanati, nakuita, hulii. Ulilia tumeshavuka mto. Muuguzi akaniuliza, nikasema umeanguka. Baba yako akaniuliza, nikasema umeanguka. Amekwenda kaburini anajua ulianguka."

Nina kovu dogo nyuma ya sikio la kulia. Siku zote nimewaambia watu kwamba nilianguka.

"Siku ile Mama Theresia aliponiambia maneno yale kanisani, niliumia," mama akaendelea. "Lakini siku Mwalimu aliposema mbele ya shemeji kwamba sijawahi kukupiga, niliona aibu zaidi."

Sikuacha kumenya, maana naye hakuwa ananitazama.

"Mama," nilisema baadaye, "mimi sikumbuki."

"Najua hukumbuki," alisema. "Ndiyo maana nimekuambia."